Nani Kawaambieni Tukuyu Kuna Kimya?

Kila nivukapo kuja visiwani huulizwa mambo mawili. Nikishataja kwamba natoka Tukuyu, wilaya ya Rungwe, watu wazima hunitazama kwa husuda na kusema: huko ndiko kwa kuandikia, kwenye baridi, ukungu, migomba na kimya. Vijana huja na lao: je, uandikapo husikiliza muziki gani? Kwao suala la kama muziki unafaa au haufai limekwisha kuamuliwa. Kilichosalia ni kuchagua tu. Kwa miaka mingi nimejibu yote mawili kwa adabu, kama impasavyo mgeni. Leo nataka kuyajibu bila ya adabu nyingi, kwa kuwa naona kwamba rai hizi mbili, zijapoonekana kupingana, zimetoka tumbo moja. Zote mbili zinamwambia mtunzi kwamba sauti ni kitu kilicho nje yake: ama kizimwe, ama kiwashwe. Na mtunzi wa Kiswahili akishaliamini hilo, shairi limekwisha mtoka mikononi.

Nianze na kimya, kwa sababu katika hilo mimi ni shahidi.

Tukuyu iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, katika miteremko ya Mlima Rungwe ambao kilele chake kinakaribia mita 3,000. Mvua yetu kwa mwaka hupita milimita 2,000. Huanza mwezi wa Novemba, ikafika ukali wake mwezi wa Aprili, na hata ikisemwa kuwa imekwisha, Juni na Julai huja na manyunyu na ukungu wa kukata mifupa. Nyumba zetu nyingi zimeezekwa bati, na nyingi katika hizo hazina dari. Ndugu msomaji wa Unguja, unaijua masika; basi ichukue masika hiyo uirefushe miezi, kisha uiweke juu ya bati tupu. Ikishuka, mwalimu darasani huweka chaki chini na kungoja. Redio hugeuka pambo la kabati. Mume na mke waliokaa jiko moja husemezana kwa kupiga kelele kama walioko ng'ambo mbili za mto. Hicho ndicho kimya cha Tukuyu anachosifiwa mgeni.

Na mvua ikikatika, kuna vyura. Kuna mashine ya kusaga. Kuna malori yanayopita barabara kuu ya kwenda Kyela na mpakani mwa Malawi, yakiguna kilimani usiku kucha, na bodaboda zisizojua kupanda mlima bila ya kuutangazia ulimwengu. Kuna matarumbeta ya Wamoravian, ambao wamishonari wao walifika Rungwe mwaka 1891 na kutuachia, pamoja na Injili, mapenzi makubwa ya kupuliza shaba. Wenye fikra ya mlima wenye utulivu waje siku kwaya tatu zinapofanya mazoezi katika bonde moja.

Hata mauti huku hayakupewa kimya. Godfrey Wilson, aliyekaa Rungwe katika miaka ya 1930, alichapisha mwaka 1939 maelezo ya desturi za mazishi za Wanyakyusa, na mkewe Monica akayaendeleza katika kitabu chake cha mwaka 1957. Wote wawili walieleza jambo ambalo wazee wetu hawakuhitaji kusomeshwa: kwamba kilio cha wanawake na ngoma ya wanaume vilikwenda pamoja, katika uwanja mmoja, juu ya maiti mmoja. Mama aliyefiwa alitunga maneno yake ya kulia huku ngoma ikipigwa hatua chache kutoka alipoketi, na maneno yale yalikuwa mazuri kiasi cha watu kuyakumbuka. Hakuomba watu wanyamaze ili apate kufikiri. Wala, nalitaja hili mapema kwa ajili ya vijana wangu wa vispika vya masikioni, ngoma ile haikuwa ya kumliwaza pembeni. Ilikuwa ikimjibu.

Watetezi wa kimya wana hoja moja nzito, nami siwezi kuiruka. Watanitajia Abdilatif Abdalla. Mwaka 1969 alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya waraka wake *Kenya: Twendapi?*, akatiwa peke yake katika chumba cha gereza, na humo akaandika juu ya karatasi za msalani tungo zilizokuja kutoka mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Basi, wanasema, hiyo ndiyo faida ya upweke na kimya.

Hoja hii hunikera kwa sababu mbili. Kwanza, ni utovu wa heshima kuigeuza adhabu ya mtu kuwa ushauri wa kazi. Yule alinyimwa karatasi, alinyimwa jamaa, alinyimwa jua. Tusimwandike katika safu ya waliokwenda kupumzika. Pili, na hili ndilo la msingi, kimya kile hakikumpa chochote. Aliingia gerezani na masikio yaliyokwisha jaa. Alikuwa mtu wa Mombasa, nduguye Ahmad Nassir ndiye malenga wa *Malenga wa Mvita*, na tungo za Ahmad Nassir ndizo alizoziimba Juma Bhalo hadi kila baraza ya pwani ikazijua. Mtu wa nyumba hiyo humfungi pamoja na kimya. Lau angeingia mle bila ya kitu masikioni, angetoka bila ya kitu kwenye karatasi. Tazama bahari alizozitumia, tazama vina vyake: ni sauti za mji mzima zilizopenya chini ya mlango wa chuma. Hata jina la diwani linasema. Hakuliita kimya cha dhiki.

Sasa nawageukia wa pili, wenye muziki wa chinichini. Hawa ni wengi zaidi, ni wadogo wangu, na nawapenda zaidi, kwa hiyo nitawasema zaidi.

Wao hunijia na sayansi. Nimejisomea mwenyewe, sikupita chuo, lakini kusoma najua. Ni kweli kwamba mwaka 2017 watafiti wawili, Ritter na Ferguson, walionyesha kuwa watu waliosikiliza muziki wa furaha walibuni mawazo mengi na ya kipekee zaidi kuliko waliokaa kimya. Utafiti huo hupita simu kwa simu kana kwamba ni aya. Lakini watu wale walipewa kazi gani? Kazi ya namna ya kutaja matumizi mengi ya kitu kimoja cha kawaida, kimiminike chochote kijacho kichwani. Katika kazi za namna ya pili, zile za kutafuta jibu moja lililo sawa, muziki haukuwasaidia, na hilo halisambazwi. Kisha, mwaka 2019, Threadgold na wenzake huko Uingereza waliwapa watu maneno matatu na kuwataka walipate neno moja la nne linalofungamana na yote. Muziki uliwaharibia: wenye maneno wanayoyajua, wenye maneno ya lugha wasiyoijua, na hata usio na maneno kabisa. Kelele ya kawaida ya maktaba haikuwaharibia.

Nawauliza wapenzi wa ushairi: katika kazi hizo, ipi inafanana na ya mtunzi anayetafuta kina? Ana ubeti wenye mishororo mitatu iliyokwisha simama, anataka neno la nne, lenye maana ile, lenye mizani zile, linaloishia na silabi ile. Hiyo si kazi ya kumimina. Ni kazi ya kutafuta neno moja katika bahari, na muziki wa chinichini ni mtu anayekutikisia ngalawa.

Lakini siendi mbali kwa kutegemea maabara za watu. Ushahidi umo katika lugha yetu wenyewe. Chukua neno *mbuni*. Mbuni, yule ndege mkubwa asiyeruka, ana mizani mbili: mbu-ni. Mbuni, mti wa kahawa, ambao huku kwetu tunao mashambani, una mizani tatu: m-bu-ni. Karatasi inayaandika sawasawa, herufi kwa herufi. Hali kadhalika *mvua* ni mizani mbili na *mvuvi* ni tatu, ingawa yote huanza na alama zile zile. Hakuna jicho linaloweza kumwambia mtunzi amekosea. Sikio pekee ndilo mzani. Mtunzi wa tarbia ana mizani nane upande mmoja na nane upande wa pili, na akiuweka mti pahala pa ndege mshororo mzima umepinda. Sasa mtu huyu, ambaye chombo chake pekee cha kupimia ni sikio, analiziba sikio hilo kwa mdundo wa mtu mwingine, wenye mapigo manne yaliyopangwa studio, kisha anashangaa kwa nini wahariri wanamrudishia kazi.

Tusisingiziane: sina ugomvi na bongo fleva. Nina wanangu, na nyumba yangu haina dari. Kijana anayeandika maneno ya kuimbwa juu ya mdundo ule anafanya kazi halali, na masikio yake yako kazini kuliko ya washairi wengi ninaowajua, kwa sababu yeye anausikiliza mdundo, anaujibu, anaugombeza. Ninayemlaumu ni mwenzake anayeuwasha mdundo ili asiusikilize. Hapo ndipo penye siri ya neno hili "muziki wa chinichini". Muziki gani umewahi kuwekwa chini katika pwani hii? Nadi Ikhwan Safaa ilipoasisiwa Unguja mwaka 1905 haikuasisiwa ili watu wapate kufanya mambo mengine huku inapiga. Watunzi wa taarabu, naam, wametunga maneno kwa kufuata nyimbo zilizokwishapo, na mara nyingine wimbo umefuata maneno. Watu watanipa mfano huu kama rungu. Na niupokee: pale muziki ulikuwa mbele ya mtunzi, uso kwa uso, ukimdai. Siti binti Saad, kabla ya kupelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alikuwa muuza vyungu, na sauti yake aliinoa kwa kuvinadi njiani. Mtaa ulikuwa na kelele zake. Yeye hakuzikimbia wala hakujiwekea nyingine za kumfunika. Alitia yake juu yao hadi watu wakatoka milangoni.

Mimi sikufundishwa ushairi na mwalimu yeyote. Niliishia darasa la saba. Aliyenifundisha ni redio ya betri, katika kipindi cha *Malenga Wetu* cha Radio Tanzania, na jambo ambalo wasomi hawalitii maanani ni hili: tungo zile zilikuwa zikiimbwa. Kiswahili changu kilikuwa cha shule tu, na mengi katika maneno ya wale malenga wa Tanga na wa Mrima yalinipita. Mahadhi hayakunipita. Niliyachukua yote kama mtu anayechukua vyungu vitupu, nikaenda navyo shambani, na huku napalilia nikawa natia humo maneno yangu mwenyewe, mabovu sana, lakini yenye kutosha chungu. Sijui vina vilikuwaje. Najua kwamba mizani hazikuwa zikinikosea, kwa sababu chungu kilichozidi humwagika na wewe mwenyewe unalowa. Baadaye sana ndipo nilipopata kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, *Sheria za Kutunga Mashairi*, nikakuta kwamba kuimbika kwa shairi, ambako mimi nilikudhani ni desturi ya redio, yeye amekuweka kuwa sharti.

Basi hiyo ndiyo sauti ninayoitetea. Si kimya cha chumba wala si santuri ya jirani. Ni ile mtunzi anayoitoa mwenyewe, kwa kinywa chake, huku anatunga. Anguruma, apige mluzi, avume kama nyuki, majirani wamwone mwendawazimu. Nikitafsiri hufanya vivyo hivyo, na katika kutafsiri ndipo faida yake inapoonekana wazi zaidi. Kinyakyusa kina irabu saba, Kiswahili kina tano; Kinyakyusa hupambanua irabu fupi na ndefu, Kiswahili hakifanyi hivyo. Nikiuhamisha wimbo wa kumbembelezea mtoto kutoka lugha ya mama yangu kuja lugha hii, huo urefu wa irabu, ambao ndio ubembelezaji wenyewe, hauna pa kukaa kwenye karatasi ya Kiswahili. Kwa kuusoma kimya nisingejua hata kwamba umepotea. Kwa kuuimba najua, na mara nyingine napata neno lenye "nga" au "mbe" linaloweza kukokoteka mdomoni, nikarudisha robo ya kilichopotea. Robo nzima, kwa mfasiri, ni sikukuu.

Watakuja pia wa mashairi huru waseme kwamba haya yote ni ya vina na mizani, hayawahusu. Sitaingizwa katika ugomvi ule. Ulipigwa vya kutosha tangu Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, na waliokuwa wakirushiana mawe wengi wao wamekwisha kutangulia. Nasema tu kwamba Kezilahabi aliacha mizani akijua anachokiacha, na ukimsoma kwa sauti utasikia pumzi inakatika pale alipotaka ikatike. Wengi wanaojiita wanafunzi wake wameacha kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho.

Kuna jambo jingine katika sifa hizi za kimya ambalo halisemwi, nalo ni la nani anaweza kukinunua. Chumba cha peke yako, mlango unaofungika, saa tatu za asubuhi zisizo na mtu wa kukuita: huku Rungwe mwanamke anayechuma chai Katumba hana hata moja kati ya hayo, na anaimba. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa mvuvi na baharia kabla watu hawajamjua kwa *Kimbunga* yake ya mwaka 1994. Sidhani upepo ulimwekea miadi. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali. Tukikubali kwamba kazi njema hutokana na utulivu, tumekwisha kuamua bila ya kusema kwamba kazi njema hutokana na wenye nafasi, na siku moja jarida kama hili litakuwa la madaktari wa vyuo vikuu na wastaafu wenye bustani. Na tukikubali upande wa pili, kwamba hutokana na kifaa masikioni, tumekwisha kuuweka ushairi mikononi mwa kampuni zinazotuchagulia nyimbo.

Dalili nimeziona. Mara mbili au tatu kwa mwaka huitwa kusikiliza vijana wakisoma tungo zao. Huja na simu, husoma kwenye kioo, na nyuma yao mtu ameweka kinanda. Nikiwaomba wazime kinanda na kuniimbia beti moja tu, kwa mahadhi yoyote wayatakayo, hunitazama kwa huruma. Wapo wanaoniambia shairi lao halina mahadhi. Mmoja alinijibu kwamba mahadhi ni kazi ya prodyuza. Alikuwa na kipaji, yule. Mafumbo yake yalikuwa ya mtu mzima. Lakini alikuwa hajawahi kulisikia shairi lake likitoka kinywani mwake, na hakuona kwamba hilo ni ajabu.

Naambiwa mara kwa mara kwamba ingefaa ijengwe nyumba ya waandishi huku nyanda za juu, ili wenzetu wa pwani na visiwani wapate pahala pa kujitenga na joto na makelele wakaandika. Sitaipinga. Nina masharti matatu tu. Iezekwe bati, na isiwekwe dari. Iwe kando ya barabara kuu, pale malori yanapobadilisha gia. Na kuta za vyumba ziwe nyembamba, za mbao ikiwezekana, ili mtu anapokuwa anaimba beti zake usiku, mwenzake wa chumba cha pili amsikie, na pale alipomweka mbuni wa shambani pahala pa mbuni wa porini, ampigie ukuta.